Jua la Boksi la Dawa

Karata hizi ni ndogo kuliko zote nilizowahi kushika.
Zinatoshea kiganja cha mtoto,
na mjomba Liborio, mwenye vidole vinene
vilivyochonga mawe ya makaburi maisha yake yote,
alizishika kama mtu aliyeokota kinda la ndege.

Sitini na tatu. Mineo, juu mlimani, Januari.
Mkahawa wa Gesualdo una jiko moja la kuni, viti saba,
na dirisha ambalo ndani yake, mbali,
Etna imejifunika theluji na inavuta kiko chake.

Hapa kopa si moyo. Ni kikombe,
kina mguu na mdomo, ungeweza kukinywea.
Shupaza ni upanga mtupu, pao ni rungu lenye vifundo,
uru ni sarafu ya dhahabu, nzito, ya kulipia deni.
Majina ambayo kwingine yamebaki sauti tu
huku bado yana kazi.

Kisha turufu.
Nilipokuwa mdogo nilimtafuta Shetani
usiku kucha chini ya blanketi, kwa tochi.
Hayumo. Mahali pake pana merikebu.
Mnara nao haujapigwa radi, haujamwangusha mtu;
umesimama tu, kama mnara wowote usiolipiwa kodi.
Aliyetundikwa, ambaye kwingine huning'inizwa kwa mguu
akatafakari ulimwengu kichwa chini,
huku kamba imemshika shingoni.
Mchoraji hakuwa na muda wa mafumbo.

Na chini ya turufu zote, bila namba,
Umaskini. Kila mmoja humshinda.
Mjomba akimpata humgonga kidogo kwa ukucha:
“Mteja wangu huyu. Jiwe alichukua, hela hajaleta.”

Lakini nilitaka kusema juu ya Jua.

Jua la asili lilipotea kabla sijazaliwa,
liliungua, au mbuzi alilila, inategemea unamuuliza nani.
Shangazi Agrippina akachukua boksi la dawa ya kikohozi,
mkasi, gundi ya unga, rangi za kutilia mayai ya Pasaka,
akachora upya kwa kukumbuka.
Miale ikaja vizuri. Uso ukamtoka mfamasia mtupu,
nyusi zile zile, na ile subira ya kuhesabu chenji.

Tabu ikaja kwa watu wawili walio chini ya Jua.
Gesualdo akaapa walikuwa wanapigana.
Nunzio kinyozi akasema hapana, wanakumbatiana,
amewaona kwa macho yake mara elfu.
Siku tatu mkahawa haukupikwa kahawa ya maana.
Shangazi akawasikiliza wote, akalowesha brashi,
akawachora mikono ikiwa njiani.

Na karata ikatoka nene.
Ukiigusa tu, hata gizani, unaijua;
meza nzima inajua nani ameishika,
kwa namna safu ya karata zake inavyoinama.
Miaka arobaini walicheza hivyo.
Mmoja akipewa Jua, Gesualdo hutazama dari,
Nunzio huinama kufunga kamba ya kiatu,
kiatu kisicho na kamba.

Hakuna aliyependekeza kununua pakiti mpya.

Msimu huu nimekaa kiti cha mjomba.
Jiwe lake alilichonga mwenyewe mapema, akakosea herufi moja,
akasema iache, wataisoma tu.
Nunzio akagawa. Karata ya nne ikanilemea kidoleni
hata kabla sijaifunua.

Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikijifanya kufikiri.
Kwenye shavu la Jua, chini ya rangi ya yai,
maandishi ya boksi bado yanasomeka:
matone kumi kabla ya kulala.
Na chini yake wale wawili, mikono ikiwa njiani.

Gesualdo alikuwa anatazama dari.
Nunzio alikuwa chini ya meza.

Nikalishika muda mrefu kuliko mchezo ulivyohitaji.